Algoriti: kutatua tatizo kabla ya kuandika programu

Fasili ya darasani ya algoriti huwa fupi: ni hatua za kutatua tatizo. Fasili hiyo ni sahihi, lakini imeacha nje mambo mengi ambayo anayeanza kuandika programu anayahitaji sana. Kuomba pasipoti nako kuna hatua, na njiani yupo afisa anayetumia busara yake pale fomu isipojitosheleza. Katika algoriti hakuna afisa. Kila uamuzi lazima uwe umeshafanywa na mwandishi kabla kazi haijaanza.

Mwaka 1968, katika juzuu la kwanza la The Art of Computer Programming, Donald Knuth alitaja sifa tano za algoriti. Lazima ifike mwisho. Kila hatua iwe bayana, isibebe maana mbili. Iwe na kinachoingia, iwe na kinachotoka, na kila hatua iwe jambo ambalo mtu angeweza kulifanya kwa kalamu na karatasi. Sifa hiyo ya tano ndiyo ningependa wanafunzi waanze nayo. Kompyuta ikae imezimwa kwanza. Tatizo litatuliwe kwa Kiswahili, kwenye daftari, hadi mtu asiyejua lolote kuhusu programu aweze kufuata maandishi hayo na kupata jibu lile lile.

Chukua tatizo la dukani nchini Tanzania. Mteja ananunua kitu cha Sh 1,300 na kutoa noti ya Sh 10,000. Arudishiwe chenji kwa noti na sarafu chache iwezekanavyo. Muuza duka hafikiri mara mbili: 5,000, 2,000, 1,000, 500 na 200. Jibu ni sahihi, lakini jibu si algoriti. Ukimwomba aseme anavyofanya, atasema, “Naanza na kubwa.” Hapo ndipo kazi yetu inapoanza, kwa sababu maneno hayo matatu yameficha mengi.

Tuyafumbue. Toa bei kwenye fedha aliyotoa mteja, na kilichosalia kiitwe baki. Hapa ni 8,700. Shika thamani kubwa kuliko zote, 10,000. Je, baki inatosha kutoa thamani hiyo? Haitoshi, basi shuka kwenye 5,000. Inatosha: toa noti moja, punguza, baki sasa ni 3,700. Rudi uulize swali lile lile kwa thamani ile ile. 5,000 haitoshi tena, shuka kwenye 2,000. Endelea hivyo mpaka baki iwe sifuri, kisha simama.

Angalia maneno “rudi uulize swali lile lile kwa thamani ile ile”. Wanaoanza wengi huyaruka, wakashuka moja kwa moja kwenye thamani inayofuata. Kwa 8,700 hawatagundua kosa, maana kila thamani imetumika mara moja tu. Wajaribu 9,400. Baada ya 5,000 inabaki 4,400, na sasa noti ya 2,000 inatakiwa mara mbili. Asiyerudi kuuliza atatoa moja tu, ashuke 1,000, kisha 500, na kadhalika, na mwisho wa orodha atakuwa bado anadaiwa Sh 550. Ndiyo maana algoriti haijaribiwi kwa mfano mmoja mzuri. Hujaribiwa kwa mifano iliyochaguliwa makusudi ili kuisumbua.

Mfano wa kusumbua zaidi: baki ni 30. Sarafu ndogo dukani ni ya 50. Muuza duka atatoa pipi na mambo yataisha kwa tabasamu. Programu iliyoambiwa “endelea mpaka baki iwe sifuri” haina pipi. Itazunguka bila kikomo au itakwama kwa kutafuta thamani ambayo haipo. Sifa ya kwanza ya Knuth imevunjika, na dawa yake ni sentensi moja: baki ikiwa ndogo kuliko thamani ya mwisho, simama na utaje kilichoshindikana. Mteja aliyetoa fedha pungufu ya bei naye anahitaji sentensi yake, tena mwanzoni kabisa.

Sasa tuliangalie jina lenyewe. Wapo wanaopendelea kuita kitu hiki “kanuni”. Kanuni ya eneo la duara inakupa uhusiano wa vitu, haikuambii uanze wapi wala usimame lini. “Utaratibu” ni neno pana mno, linabeba hata ratiba ya harusi. Naona “algoriti” libaki, na “hatua” liwe neno la kulielezea. Wala si mgeni wa mbali kwa lugha iliyokwisha kupokea hesabu, hisabati na sifuri kutoka Kiarabu. Asili yake ni jina la Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9, wakati wa Khalifa al-Ma'mun. Kitabu chake cha kukokotoa kwa tarakimu za Kihindi kilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, jina lake liliandikwa Algorizmi, na baadaye likawa jina la ukokotoaji wenyewe.

Jambo lenyewe ni la kale kuliko jina. Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Euclid alieleza namna ya kupata Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) cha namba mbili. Shuleni tunakitafuta kwa kupasua namba katika vigawo tasa, na kwa 391 na 299 mwanafunzi hutaabika: 2 haigawi, 3 haigawi, 5, 7 na 11 vivyo hivyo. Euclid hahitaji kubahatisha. Gawa 391 kwa 299, salio 92. Gawa 299 kwa 92, salio 23. Gawa 92 kwa 23, salio sifuri. KKS ni 23. Hatua moja inarudiwa, na kwa kuwa salio hupungua kila mara, mwisho lazima ufike.

Turudi kwenye chenji, maana bado kuna swali zito. Njia ya kuanza na kubwa ni ya aina ambayo ningeiita algoriti ya pupa: kila hatua inanyakua kikubwa kilichopo bila kuangalia mbele. Kwa fedha za Tanzania inatoa vipande vichache kabisa kila mara. Vuka mpaka uingie Kenya. Mwaka 2003, kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, ilitolewa sarafu ya shilingi 40. Mpe mtu chenji ya shilingi 80 kwa pupa: noti ya 50, sarafu ya 20, sarafu ya 10. Vipande vitatu, ilhali sarafu mbili za 40 zingetosha. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Hakuna hatua iliyokosewa hapo, ila njia nzima haifai kwa fedha hizo.

Njia inayofaa huanzia chini. Andika idadi ndogo kabisa ya vipande kwa kila kiasi: 10 ni kimoja, 20 kimoja, 30 viwili, 40 kimoja, 50 kimoja, 60 viwili, 70 viwili. Ukifika 80, jaribu kila kipande kiwe cha mwisho kutolewa. Kikiwa cha 50, inabaki 30, ambayo tunajua ni viwili, jumla vitatu. Kikiwa cha 20, inabaki 60, vitatu. Kikiwa cha 10, inabaki 70, vitatu pia. Kikiwa cha 40, inabaki 40, ambayo ni kimoja, jumla viwili. Andika 2 mbele ya 80, kisha uendelee na 90.