Historia ya Picha za Matabaka, tangu Mkasi hata Kompyuta

Jalada la kitabu, bango la tamasha au kadi ya arusi ya siku hizi mara nyingi humwonyesha mtazamaji kitu ambacho hakipo. Huona karatasi za rangi zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila moja imetobolewa tundu lenye kingo za mawimbi au za majani, na kila tundu ni dogo kuliko lililo juu yake, hata jicho likashuka daraja kwa daraja mpaka chini kabisa, ambako pamewekwa jina la maarusi au umbo la mji; na chini ya kila ukingo kuna kivuli, kizito pale kinapoanzia na hafifu kadiri kinavyosogea mbali. Akipitisha kidole hukuta uso mmoja mlaini usio na bonde wala kilima, kwa kuwa hakuna karatasi iliyokatwa wala gundi iliyopakwa: yote yamefanywa kwa kompyuta, na vijana wanaoishika kazi hiyo huiita kila karatasi ya namna hii leya. Wapo wanaodhani kwamba ustadi huu ulizaliwa pamoja na mashine. Mimi nasema kwamba mashine iliurithi, na kwamba waliourithisha, ambao miongoni mwao wanawake walikuwa na fungu kubwa, hawatajwi inavyowapasa. Nami nakusudia hapa kuwarejeshea haki yao.

Wa kutangulizwa ni Mary Delany wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1700. Alikwisha kuwa mjane mara mbili, na umri wake ulikuwa umefika miaka 72, alipotambua kwamba kipande cha karatasi nyekundu kilichokuwa karibu naye kilifanana mno na petali la ua lililokuwa hapo. Akatwaa mkasi, akakata mapetali ya karatasi, akayabandika, na tangu hapo hakuiacha kazi hiyo kwa muda wa miaka kumi hivi, hata nuru ya macho ilipompungukia. Alifanya karibu maua 1,000, ambayo leo yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London. Kila ua limelazwa juu ya karatasi nyeusi. Jani moja, ambalo mchoraji angalilipaka kijani kisha akalitia kivuli kwa brashi, yeye alilikata katika kijani cha kiza, akabandika juu yake vipande vya kijani kilichokolea kidogo, na juu ya hivyo vipande vya kijani cheupe, kisha akamalizia kwa ukanda wa karatasi uliokuwa mshipa wa jani. Na ua moja liliweza kuchukua mamia ya vipande, vingine vyembamba kama unywele. Atazamaye kwa haraka hudhani kuwa ni rangi ya maji. Hapo ilithibiti kanuni ya kwanza ya fani hii, nayo ni kwamba umbo huweza kupewa unene kwa kupanga hafifu juu ya kiza, au kiza juu ya hafifu, pasipo rangi mbili kuchanganywa hata mara moja.

Mafundi wa vijijini wanastahili kitabu chao wenyewe, nami nawapitia upesi. Ukataji wa karatasi wa China, ambao umri wake ni wa karne nyingi, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2009. Na huko Poland watu wa Łowicz wamezoea kubandika karatasi za rangi mbalimbali, ndogo juu ya kubwa, ilhali jirani zao wa Kurpie huridhika na karatasi moja ya rangi moja. Kadi nyingi za leo zilizojaa majogoo na maua ya rangi juu ya rangi ni za Łowicz kwa asili, hata kama aliyezisanifu hajapata kulisikia jina hilo.

Picha za kamera nazo ziliingia katika njia hii mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, Msweden aliyekuwa akiishi Uingereza, alionyesha mjini Manchester picha kubwa iitwayo The Two Ways of Life, yenye mzee anayewaongoza vijana wawili, mmoja akielekea kwenye wema na mwingine kwenye anasa. Umati wote ule haukupata kusimama mbele ya kamera kwa wakati mmoja. Rejlander aliwapiga picha kwa mafungu, akapata negativu zaidi ya 30, kisha katika chumba cha giza akazichapa moja baada ya moja juu ya karatasi ile ile, akiifunika sehemu yote isipokuwa ile iliyopaswa kupokea nuru kwa saa ile. Malkia Victoria alinunua nakala. Wengine wakakasirika, wakasema kwamba kuunganisha picha ni kughushi, mabishano ambayo hayajakwisha hata leo. Kwa mwenye kufuatia historia ya matabaka, kilicho muhimu zaidi ni kile kifuniko. Delany aliondoa asichokitaka kwa kukikata; Rejlander alikificha bila kukiharibu, na negativu zake zikabaki nzima.

Sasa nimfikie Lotte Reiniger, ambaye kwangu ndiye bora wa wote. Alizaliwa Berlin mwaka 1899, na tangu utotoni mikono yake iliujua mkasi kwa namna iliyowastaajabisha watu. Baina ya mwaka 1923 na 1926, katika chumba kilichokuwa juu ya gereji ya tajiri mmoja wa benki huko Potsdam, yeye na mumewe Carl Koch pamoja na wasaidizi wachache walitengeneza filamu ya Die Abenteuer des Prinzen Achmed, iliyochukua visa vyake katika Alfu Lela Ulela, hekaya ambazo watu wa pwani yetu nao wamezisoma kwa Kiswahili kwa miaka mingi. Ndiyo filamu ndefu ya vikaragosi iliyo kongwe kuliko zote zilizosalimika duniani, na urefu wake ni zaidi ya saa moja.

Kazi ilifanyika hivi. Meza ilikuwa ya kioo, taa iliwaka chini yake, na kamera ilining'inizwa juu ikitazama chini. Watu na wanyama walikatwa kwa kadi nyeusi na mabati membamba ya risasi, viungo vyao vikafungwa kwa waya ili mkono, kiwiko na vidole viweze kusogezwa kidogo kidogo, na baada ya kila msogeo picha moja ilipigwa. Mandhari ya nyuma, yaani majumba, milima na mawingu, yalikuwa ya karatasi zinazopitisha nuru: karatasi moja ilitoa weupe wa mbali, mbili zikatoa kijivu, tatu zikatoa kijivu kizito zaidi, na hivyo umbali ukapimwa kwa idadi ya karatasi. Aliweka pia vioo katika tabaka mbalimbali, kimoja juu ya kingine, ili kilicho mbele na kilicho nyuma visishikane. Ukiitazama Baghdad yake, yenye kuba nyeusi mbele, kijivu katikati na nuru tupu nyuma, utaona umbile lile lile ambalo msanifu wa leo hulifanya kwa leya tano na kuliita la kisasa.

Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1937, studio ya Walt Disney ilionyesha filamu fupi ya The Old Mill, iliyotumia mtambo mkubwa ambao picha zilipangwa ndani yake katika ghorofa, kila moja ikisogea kwa kasi yake mbele ya kamera. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Academy ya filamu ya Marekani, na mtambo ukapata sifa ulimwenguni kote. Sifa hiyo ni halali, lakini insafu inataka isemwe kwamba msingi wake ulikwisha wekwa juu ya gereji ya Potsdam.

Henri Matisse wa Ufaransa aliufikia mkasi kwa njia ya maradhi. Baada ya kupasuliwa tumbo mwaka 1941 hakuweza tena kusimama muda mrefu mbele ya turubai. Basi wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, naye akiwa kitini au kitandani akazikata kwa mkasi mkubwa, akiagiza kila kipande kishikizwe ukutani kwa pini mahali alipopaelekeza. Kesho yake aliweza kuamuru kipande cha bluu kisogezwe shubiri moja, cha kijani kiondolewe, na cha njano kiingizwe nyuma ya cheusi. Gundi ilikuja mwisho kabisa. Kitabu chake Jazz kilitoka mwaka 1947, na The Snail, picha yake ya mwaka 1953 yenye karibu mita 2.9 kila upande, ipo katika jumba la sanaa la Tate mjini London. Nasisitiza zile pini, kwa sababu faida iliyo kubwa kuliko zote katika programu za leo, yaani uhuru wa kusogeza na kubadili nia hata dakika ya mwisho, ndiyo iliyokuwa imeshikizwa katika ukuta wa mzee yule.

Kati ya mkasi na kompyuta palikuwa na kisu cha matbaani. Mafundi wa uchapaji walitumia filamu nyekundu iitwayo Rubylith, yenye utando mwembamba mwekundu juu ya plastiki isiyo na rangi. Fundi aliilaza juu ya picha, akapitisha ncha ya kisu kwa wepesi ili utando ukatike na plastiki isikatike, kisha akauinua utando kwa ncha hiyo hiyo na kuubandua. Filamu za kuchapia hazikuuona wekundu kuwa ni nuru, kwa hiyo penye wekundu palikuwa giza, na palipobanduliwa palipita mwanga. Anayechapa fulana kwa skrini anaifahamu kanuni hii, kwa kuwa kila rangi ina skrini yake na kila skrini ina kifuniko chake. Hata wekundu unaotanda juu ya picha katika Photoshop, programu ya kompyuta ya kuhariri picha, pale unapotengeneza maski, yaani kifuniko, ni kumbukumbu ya filamu hiyo.

Kompyuta yenyewe ilihitaji kwanza kufundishwa maana ya kuwapo na kutokuwapo. Pikseli, yaani nukta moja ya picha, ilikuwa na namba tatu, ya wekundu, ya kijani na ya bluu, na hakuna hata moja iliyosema ni kiasi gani pikseli hiyo inakifunika kilicho chini yake. Mnamo mwaka 1977, katika New York Institute of Technology, Alvy Ray Smith na Ed Catmull waliongeza namba ya nne: sifuri ikiwa na maana ya kupitisha kila kitu, namba ya juu kabisa ikiwa na maana ya kuziba kila kitu, na zilizo kati zikihudumia kingo, moshi na vivuli. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa kampuni ya filamu ya Lucasfilm walitangaza kanuni kamili za kuweka picha juu ya picha kwa kutumia namba hiyo. Kanuni yao kuu ni nyepesi: tabaka la juu likiwa limeziba sehemu 40 katika 100, la chini huonekana kwa sehemu 60 zilizobaki. Wote wanne walitunukiwa na Academy hiyo hiyo ya filamu mwaka 1996.

Photoshop ilianza mwaka 1987 kwa mkono wa Thomas Knoll, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, akisaidiwa na ndugu yake John, na kampuni ya Adobe ikaitoa kwa umma mwaka 1990. Matoleo ya mwanzo hayakuwa na matabaka. Kipande ulichokiweka juu ya picha kilielea mradi hujakiacha. Ulipokiacha kilizama na kuwa kitu kimoja na kilichokuwa chini, wala hakikutoka tena. Aliyetaka kivuli alikuwa na kazi: alihifadhi umbo la kipande katika chaneli, akainakili, akaisogeza chini na kulia, akaififisha kingo, akajaza weusi, kisha akakibandika kipande chenyewe juu yake, na mteja akisema kivuli kimezidi, alianza upya. Toleo la 3, la mwaka 1994, lilileta matabaka yanayobaki mbalimbali hata baada ya faili kufungwa, na toleo la 5 la mwaka 1998 likaleta vivuli vinavyofuata tabaka lake popote liendapo. Mwaka huo huo programu ya GIMP, iliyoanzishwa na Spencer Kimball na Peter Mattis walipokuwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Berkeley, ilifikia toleo la 1.0, nayo ilikuwa na matabaka na haikuuzwa, wala haiuzwi hata leo. Fadhila yake kwa wanafunzi wasio na fedha ni kubwa.

Walakini wepesi huo umezaa uvivu, na katika hili sina budi kusema wazi. Naona mabango mengi ambayo kivuli cha karatasi moja kinaangukia kulia na cha jirani yake kinaangukia kushoto, kana kwamba kila karatasi ina jua lake. Na mengine ambayo matabaka yote yana kivuli cha kiasi kimoja, ilhali karatasi iliyoinuliwa juu zaidi hutupa kivuli kilicho mbali zaidi na chenye kingo laini zaidi, na ile iliyogusa ya chini yake hutupa mstari mwembamba mkali. Kivuli cha kweli pia si cheusi kitupu. Juu ya karatasi ya njano huwa cha kahawia, juu ya bluu huwa cha bluu iliyoiva, nacho hutaka kuchanganywa na rangi iliyo chini badala ya kuizika. Delany na Reiniger hawakukosea mambo haya, kwa kuwa karatasi zao na taa zao hazikuwapa nafasi ya kukosea.

Basi nawaomba walimu wa sanaa, pamoja na mafundi wenye wanagenzi, kwamba kabla mwanafunzi hajaifungua programu apewe karatasi tatu za rangi, kisu na vipande vya boksi vya kuzinyanyulia, akate, apange, aziweke dirishani saa tatu asubuhi na tena saa kumi alasiri, na aandike alichokiona juu ya vivuli vyake. Kisha aonyeshwe maua ya Delany na filamu ya Reiniger, na ajifunze majina yao pamoja na majina ya akina Knoll.