Mtoto Aliyeitwa Mali

Ukitoka mjini Tabora kuelekea Kwihara, utalikuta tembe lililojengwa upya mwaka 1957 na kufanywa makumbusho. Wageni huenda kutazama walipokaa Stanley na Livingstone mwaka 1872. Mimi nitakueleza habari ya mtoto.

Mwaka 1871 Stanley alikuwa Kwihara, njia ya Ujiji imefungwa na vita vya Mirambo. Mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu akamzawadia mtoto mtumwa. Jina lake alitajiwa kuwa Ndugu M'hali, akalifahamu kuwa ni mali ya ndugu. Hakulipenda, akambadilisha akawa Kalulu. Mtoto akapelekwa Uingereza, akarudishwa huku, akafa maji katika maporomoko ya mto Kongo mwaka 1877. Hakupelekwa kwa kadhi. Alitolewa mkono kwa mkono kama doti ya kaniki. Na waliomtoa ni Waislamu wenzetu. Tusilifiche hilo.

Hukumu walikuwa nayo, tena ya zamani. Mwaka wa 7 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alipokuwa akiondoka Makka, binti wa Hamza alimfuata. Hamza alikwisha kufa shahidi Uhud. Wakamgombea watu watatu: Ali, Zaid na Jaafar, kila mmoja na hoja yake. Mtume akamtoa kwa nyumba ya Jaafar, kwa sababu mkewe ni khalati wa mtoto, na khalati ana cheo cha mama. Angalia, msomaji: walioshindana ni watu wazima, lakini aliyetazamwa ni mtoto.

Nayakumbuka hayo kila ajapo mama kuniuliza: mume wangu amefungwa, na wakwe wanataka kunichukulia mtoto, nifanye nini?

Katika madhehebu yetu ya Shafi, hadhana ya mtoto mdogo ni ya mama mpaka apambanue, yaani kiasi cha miaka 7, kisha huchaguzwa baina ya wazee wake. Mama akiolewa na mume asiye jamaa ya mtoto, haki humwondokea. Hapo ndipo bibi mzaa mama huja mbele. Ama baba aliye gerezani, hakufa. Hawezi kulea, lakini nasaba haikukatika. Wakwe wasichukue kifungo chake kuwa ndiyo hati yao.

Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo, katika kifungu cha 125, imekisia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni kheri akae na mama, ila ipatikane sababu ya kulipinga hilo, tena ikamwonya hakimu asimhamishehamishe mtoto. Kifungu cha 107 kimehesabu kifungo cha miaka 5 au zaidi kuwa mojawapo ya dalili za ndoa iliyovunjika. Dalili tu, mume kufungwa hakumfanyi mke kuwa ameachwa.

Basi mama huyo na aende mahakamani aombe amri ya kukaa na mtoto, mapema, kabla ya ugomvi. Karatasi hiyo itamsaidia shuleni na hospitali, na mlangoni pia, siku shemeji watakapokuja na gari. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa mtoto haki ya kumzuru mzazi wa pili. Mama mmoja aliniambia hampeleki mwanawe gerezani kwa kuona haya. Nikamuuliza, haya hiyo ni ya mtoto, au yako?