Mita Iliyohama

Tarehe 13 Agosti 1912, miezi minne baada ya meli ya Titanic kuzama, Marekani ilipata sheria mpya ya redio. Sheria hiyo iliwagusa pia watu ambao hawakuwa na kampuni wala jeshi: vijana na watu wazima waliorusha ishara za simu ya upepo kutoka vyumbani mwao, kwa kupenda tu. Hao ndio waredio wa ridhaa. Walisukumwa kwenye mawimbi ya urefu wa mita 200 na mafupi zaidi, ambayo wakubwa wa wakati ule waliyaona kama makombo, wakawekewa na mpaka wa nguvu: kilowati 1. Aliyeishi ndani ya maili 5 za baharini kutoka kituo cha kijeshi alipewa nusu yake.

Kilowati hiyo ipimwe wapi? Sheria yenyewe ilijibu: kwenye transfoma, pale umeme unapoingilia. Jibu hilo lilitawala ufundi wao kwa miaka 70 hivi, na naona ndilo jambo lenye utamu kuliko yote katika historia hii. Mtambo wa cheche ulikula umeme kwa mlango mmoja na kuutoa kwa milango mingi. Transfoma ilipandisha volti, kepasita ikajaa, cheche ikaruka kwa kishindo na mwanga na joto, na kilichosalia ndicho kilichopanda kwenye antena. Sheria ilihesabu kilichoingia. Kilichotoka hakuna nyumba iliyokuwa na chombo cha kukipima kwa uhakika.

Chombo cha kubahatisha kilikuwapo. Kwenye waya wa antena waliunganisha ampea-mita ya waya moto: mkondo ulipita kwenye waya mwembamba, waya ukapata joto, ukarefuka, na urefu huo ukasukuma mshale. Watu walitajiana ampea zao kwa fahari. Lakini ampea peke yake si nguvu. Mkondo wa ampea 5 kwenye antena yenye ukinzani wa omu 10 ni wati 250. Ampea zilezile 5 kwenye antena ya omu 20 ni wati 500. Na ukinzani wa antena ya nyumbani, iliyofungwa kati ya bomba la moshi na mti, nani aliujua?

Kwa vipimo hivyo vyenye ukungu walifanya mambo makubwa. Desemba 1921, Paul Godley, aliyetumwa na chama cha waredio wa ridhaa wa Marekani, alikaa kwenye hema huko Ardrossan, pwani ya Uskoti, akapokea ujumbe kamili kutoka kituo 1BCG cha Greenwich, Connecticut. Kituo hicho kilitumia valvu, yaani chupa za kioo za kukuza mawimbi, si cheche, na nguvu yake ilikuwa karibu kilowati 1, kwa hesabu ya kinachoingia.

Valvu zilirahisisha hesabu. Anodi ya valvu hulishwa umeme wa mkondo mnyoofu, na huo hupimika kwa mita mbili za kawaida: volti zidisha ampea. Volti 2500 na ampea 0.4 ni wati 1000, mwisho wa maneno. Mkaguzi akija nyumbani husoma mita zilezile na kupata jibu lilelile. Kanuni zikadai kwamba anayezidi wati 900 awe na njia ya kupima kwa usahihi nguvu inayoingia kwenye anodi. Ukaguzi wa namna hiyo ulikuwa wa haki, na sioni sababu ya kuwacheka waliouweka.

Ila ulificha jambo. Kikuza nguvu kizuri cha valvu hutoa kama wati 600 au 700 kwa kila wati 1000 zinazoingia. Zinazobaki huwa joto ndani ya valvu. Mwaka 1934 Bill Eitel na Jack McCullough, wote wawili waredio wa ridhaa, walianzisha kampuni ya Eimac huko San Bruno, California, wakatengeneza valvu ambazo anodi zake zilivumilia kuiva kwa joto. Fundi mzoefu alizisoma kwa macho. Wekundu hafifu ulimwambia mambo ni shwari. Ukikolea kuelekea rangi ya chungwa, alijua umeme wake unaishia kwenye chupa badala ya antena.

Kulikuwa na njia nyingine, ndefu lakini ya kweli, nayo ni kuchemsha. Ondoa antena, weka mahali pake kikinza cha omu 50 kilichozamishwa kwenye kimiminika, yaani mzigo bandia, kisha pima joto linavyopanda. Wati 1 ni jouli 1 kwa sekunde, na lita 1 ya maji huhitaji jouli zipatazo 4200 ili ipande nyuzi 1 ya Selsiasi. Basi kikuza kinachotoa wati 1000 kitapandisha lita 4 za maji kwa nyuzi 3.6 hivi katika dakika moja. Anayejua birika linavyofanya kazi anaielewa mbinu hiyo. Kampuni ya Heathkit ya Benton Harbor, Michigan, iliuza mzigo bandia wa namna hiyo ndani ya kopo la rangi la galoni moja, ambalo mnunuzi mwenyewe alilijaza mafuta ya transfoma. Mamia kwa mamia ya vyumba vya redio viliwahi kuwa na kopo hilo chini ya meza.

Kilichovuruga utaratibu wa kupima kinachoingia ni sauti. Katika miaka ya 1950 waredio walianza kuhamia mtindo wa ukanda mmoja wa pembeni, ambao hutoa nguvu pale tu mtu anaposema. Ukinyamaza, mshale unalala; ukipaza silabi, unaruka. Sasa wati 1000 ni za wakati gani? Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano iliamua kwamba mshale wa mita uitikie kwa muda usiozidi takriban robo ya sekunde. Lakini silabi hufika kileleni upesi kuliko mshale. Mshale ulipogusa wati 1000, vilele vya kweli vilikuwa karibu mara mbili yake. Hapo ndipo matangazo ya biashara yalipoandika wati 2000 kwenye vikuza vya mezani. Heathkit SB-220, yenye valvu mbili za 3-500Z, iliuzwa kwa namba hiyo, na namba hiyo ilikuwa kweli: wati 2000 za kileleni, zinazoingia. Aliyedhani zinatoka alijidanganya mwenyewe.

Ilibidi mita ihamie upande wa pili. Vyombo viwili viliihamisha. Cha kwanza ni wati-mita ya Bird, aina ya 43, iliyotengenezwa Ohio: kipande cha bomba la shaba kinachokaa kati ya kikuza na antena, chenye tundu la kuchomekea kichwa kidogo cha mviringo. Juu ya kichwa kuna mshale uliochongwa. Ukiuelekeza kwenye antena unasoma nguvu inayokwenda. Ukikigeuza kichwa unasoma inayorudi. Ya kwanza toa ya pili, hiyo ndiyo iliyobaki kwenye antena. Cha pili kilitoka kwa Warren Bruene, mhandisi wa Collins Radio, Cedar Rapids, Iowa. Aprili 1959 alieleza katika jarida la QST jinsi pete ya sumaku inavyonusa mkondo na kepasita mbili zinavyonusa volti, na jinsi viwili hivyo vikijumlishwa vinatoa nguvu inayokwenda, vikitoana vinatoa inayorudi. Makala ile iliwapa watu wa kawaida kitu cha kujiundia kwa chuma cha kulehemu na saa chache za Jumamosi.

Sasa swali la ukuzaji, yaani kikuza kimezidisha mara ngapi, likawa la kujibika nyumbani. Pima kinachoingia kutoka kwenye transmita, pima kinachotoka, gawanya. Jibu huandikwa kwa desibeli, kipimo walichokianzisha wahandisi wa simu wa Bell miaka ya 1920: mara 2 ni desibeli 3, mara 10 ni desibeli 10.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi huteleza hapa. Mita ya Bird huahidi usahihi wa asilimia 5, lakini ni asilimia 5 ya mwisho wa kipimo, si ya unachokisoma. Kichwa cha wati 1000 kinaweza kukosea wati 50 popote pale. Umesoma wati 100 zinaingia na 800 zinatoka, ukapiga hesabu ukapata mara 8, desibeli 9. Kama ulitumia kichwa cha wati 100 upande wa kuingilia, ukweli uko kati ya mara 7 na mara 9, na hiyo ni kazi njema. Kama ulitumia kichwa kimoja cha wati 1000 pande zote mbili, zile wati 100 zaweza kuwa 50 au 150, na ukuzaji wako uko popote kati ya mara 5 na mara 17. Tena pande zote zipimwe kwa mtindo mmoja: kilele kwa kilele, au wastani kwa wastani. Na kwenye vikuza ambavyo gridi imeunganishwa na ardhi, sehemu kubwa ya nguvu ya transmita hupenya na kutokea upande wa antena, hivyo si kila wati inayotoka imezaliwa na valvu.

Ukuzaji uliingia hata kwenye sheria, kwa njia ya uhalifu. Madereva wa malori na watu wengine wa redio za umma za masafa ya megahezi 27, walioruhusiwa wati 4, walikuwa wakinunua vikuza vilivyouzwa kwa jina la waredio wa ridhaa. Mwaka 1978 Tume ilipiga marufuku uuzaji wa vikuza vinavyofanya kazi katika masafa hayo, na kanuni zikaja kuweka kikomo cha desibeli 15, yaani mara 32 hivi. Wati 4 zikipita kwenye kikuza cha namna hiyo hazifiki hata 130.

Mwaka 1983 Tume iliachana na kilowati inayoingia. Kikomo kipya kilikuwa wati 1500 zinazotoka, zipimwe kwenye kilele. Kwa wengi lilikuwa badiliko dogo. Walioumia ni wapenzi wa sauti ya mtindo wa zamani, wa kubadili kimo cha wimbi, kwani kilele cha sauti yao ni mara 4 ya wimbi lililotulia. Chini ya kanuni ya zamani, kilowati inayoingia iliwapa wimbi la wati 750 hivi, lenye vilele vya 3000. Chini ya mpya, wimbi lao halikuruhusiwa kuzidi wati 375. Walilalamika, na Tume ikawaachia kanuni ya zamani hadi Juni 1990. Muda ulipokwisha walishusha nguvu kwa nusu, desibeli 3. Na kwa kuwa kila daraja la mita ya redio ya kupokelea huhesabiwa desibeli 6, msikilizaji wao wa mbali aliona mshale umeshuka nusu daraja.