Mlio Mmoja Mfupi: Kompyuta Ilivyojifunza Kusema Inaumwa Wapi

Umekusanya vipuri mwenyewe, pengine kwa miezi: leo prosesa, mwezi ujao RAM, pawasaplai ukauziwa na jamaa. Umekaza skrubu ya mwisho, ukabonyeza swichi. Feni zinazunguka, taa inawaka, ila skrini nyeusi tii. Kabla hujaanza kununua vipuri vingine kwa kubahatisha, hebu tuangalie historia kidogo. Ina faida kwa mfuko wako.

Rudi hadi Januari 1975. Jarida la Marekani, Popular Electronics, liliweka jaladani Altair 8800, kompyuta iliyouzwa vipandevipande na kampuni ya MITS ya Albuquerque. Mnunuzi alipokea bodi tupu na vifurushi vya vipuri, kulehemu juu yake. Haikuwa na kibodi wala skrini. Mbele palikuwa na swichi na taa ndogo nyekundu, na kumbukumbu ya msingi ilikuwa baiti 256. (Ndiyo, baiti! Meseji mbili za simu zinaijaza na kumwagika.) Ikigoma, hakuna kilichokwambia kama ni lehemu mbovu, chipu iliyowekwa kinyume, au wewe mwenyewe umekosea kuingiza programu kwa swichi. Machi mwaka huohuo, wapenzi wa vitu hivi walianza kukutana kwenye gereji huko Menlo Park, California, na klabu yao ikaja kuitwa Homebrew Computer Club. Mashine haikuweza kujieleza, basi watu wakawa wanaulizana wao kwa wao.

Agosti 1981 IBM ikatoa PC yake, modeli 5150. Kompyuta kubwa za maofisini zilikuwa na njia zake za kujipima tangu zamani, lakini sasa jambo hilo lilifika mezani kwa mtu wa kawaida. Ndani ya ROM kulikuwa na programu fupi iliyokimbia kila ulipowasha, nayo ikapewa jina POST. Ilikagua prosesa kwanza, kisha ROM yenyewe, kisha kilobaiti 16 za mwanzo za RAM, na baadaye ndipo skrini na kibodi.

Huo mpangilio ndio utamu wa hadithi hii. Kila hatua inasimama juu ya ile iliyotangulia. Huwezi kuandika kwenye skrini kwamba kadi ya skrini imekufa, sivyo? Ndiyo maana wahandisi walitumia spika, kitu rahisi kisichohitaji kadi yoyote. Mlio mmoja mfupi: kila kitu salama. Mmoja mrefu na miwili mifupi: angalia kadi ya skrini. Skrini ikishaamka, zikaja namba, 201 kwa RAM, 301 kwa kibodi. Tatizo ni kwamba watengenezaji wa BIOS waliofuata, kama AMI, Award na Phoenix, kila mmoja alitunga lugha yake ya milio. Kwa hiyo usisome jedwali la AMI ukiwa na BIOS ya Award, utaitupa RAM nzima kwa kosa la kitu kingine.

Mwaka 1995 Intel ikaleta muundo wa ATX, na hapa ndipo wengi wetu tunadanganyika hadi leo. Zamani swichi ilikata na kuunga umeme moja kwa moja. Kwenye ATX, swichi inatuma ombi tu kwa mazabodi, mazabodi inaiamsha pawasaplai, nayo ikitulia inarudisha ishara kwamba umeme uko sawa. Bila ishara hiyo prosesa inazuiwa isianze. Feni hazingoji ruhusa, zikipata volti 12 zinazunguka. Tangu 2000 prosesa ikapata pia plagi yake ya peke yake, zamani pini 4, siku hizi kwa kawaida 8. Ukiisahau hiyo, utapata picha ileile: feni juu, skrini giza.

Sasa rudi kwenye mashine yako. Chomoa umeme, bakiza mazabodi, prosesa, pawasaplai na kispika kidogo (mazabodi nyingi mpya haziji nacho, kinunue, ni cha bei ndogo). Ondoa RAM yote, kisha washa. Ikilia kulalamika, furahi: prosesa iko hai, BIOS inasomeka, na umeme unafika. Rudisha kipande kimoja cha RAM baada ya kingine, ukizima na kuchomoa kila mara. Ikikaa kimya, anza na plagi ya prosesa, halafu pawasaplai, kabla hujaishuku mazabodi. Mazabodi nyingi za sasa zina pia vitaa vinne, CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kinachobaki kinawaka ndicho hatua ilipokwama.

Na kama umefunga DDR5, kitaa cha DRAM kikiwaka mara ya kwanza usikizimie haraka. Mazabodi inapima na kurekebisha mawasiliano yake na RAM hiyo mpya, na skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa. Kachemshe chai kwanza.