Kizazi Kilichoanza na Skrini Tupu

Waingereza waliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanapokumbuka kompyuta yao ya kwanza, hutaja mashine mbalimbali, lakini karibu wote hukubaliana kwamba mashine hiyo ilipowashwa haikufanya lolote. Ilionyesha maandishi machache na alama ndogo iliyoashiria mahali ambapo herufi ingeandikwa, kisha ikangoja. Aliyetaka kitu kitokee ilimbidi aiamuru kwa BASIC, lugha ya kuandikia programu iliyobuniwa katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani mwaka 1964, ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kutumia kompyuta.

Hali hiyo ilitokana zaidi na ufinyu wa vifaa kuliko na nadharia yoyote ya malezi. Kumbukumbu ya kompyuta, ambayo hupimwa kwa kilobaiti (kilobaiti moja huchukua takriban herufi elfu moja), ilikuwa ghali mno, na ZX81, mashine ya Clive Sinclair iliyouzwa mwaka 1981 kwa pauni 69.95, ilikuwa na kilobaiti moja tu ya kufanyia kazi. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kuweka programu nyingi tayari, watengenezaji waliichoma BASIC yenyewe katika chipu ya kudumu, yaani ile ambayo yaliyomo hayafutiki umeme unapozimwa, na mengine wakamwachia mtumiaji. Seymour Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeshiriki kubuni lugha ya Logo kwa ajili ya watoto, alikuwa amekwisha kusisitiza katika kitabu chake cha mwaka 1980 kwamba mtoto ndiye anayepaswa kuitawala kompyuta, wala si kompyuta kumtawala yeye. Lakini katika nyumba nyingi za Uingereza wazo hilo lilitimizwa na bei ya chipu, bila mzazi kuwahi kulisikia jina la Papert.

Shuleni mambo yalikwenda kwa mpango zaidi. Mwaka 1978 shirika la utangazaji la BBC lilionyesha filamu ya uchunguzi iliyotahadharisha kwamba chipu ndogo zingebadilisha ajira kwa kasi, na mjadala uliofuata ukalifanya shirika hilo liandae mradi wa kuwaelimisha wananchi kuhusu kompyuta, pamoja na mashine yenye jina lake. Kazi ya kuitengeneza ilipewa Acorn, kampuni changa ya mjini Cambridge, na BBC Micro ikaingia sokoni Desemba 1981 kwa pauni 235 na pauni 335 kulingana na ukubwa wa kumbukumbu. Waliotarajia kuuza mashine 12,000 hatimaye waliuza zaidi ya milioni moja, kwa sehemu kwa sababu serikali ya Margaret Thatcher, ambayo haikuwa na sifa ya ukarimu katika matumizi ya umma, ilizilipia shule nusu ya bei. Hata hivyo shule nyingi za msingi zilimudu mashine moja tu, iliyowekwa juu ya meza ya magurudumu na kusukumwa kutoka darasa hadi darasa, hivyo wanafunzi waliizunguka kwa makundi, mmoja akibonyeza na wengine wakibishana juu ya jibu la kuandika.

Nyumbani kompyuta iliunganishwa na televisheni ya familia, jambo lililozua ugomvi saa ya taarifa ya habari ilipofika, na programu zilihifadhiwa katika kaseti za kawaida za muziki zikiwa zimegeuzwa kuwa sauti. Kupakia mchezo mmoja kwenye ZX Spectrum, mashine ya Sinclair ya mwaka 1982, kulichukua dakika kadhaa za mlio mkali, na sauti ya redio-kaseti ikizidi au ikipungua kidogo, kazi yote ilianza upya. Wasiokuwa na fedha za kununua michezo walinunua majarida yaliyochapisha programu nzima, mstari baada ya mstari, wakazinakili kwa vidole jioni nzima. Mkato mmoja ukikosewa, mashine ilisimama na kutaja namba ya mstari ulioishinda, ingawa mara nyingi kosa lenyewe lilikuwa mahali pengine, na pengine lilikuwa la mpiga chapa. Huko kusaka kosa ndiko kulikokuwa shule hasa, kwa maana mtoto hakuweza kulipata bila kufuatilia kila amri inafanya nini, na akishafahamu hilo alianza kuibadilisha programu apendavyo.

Nafasi hiyo haikuwafikia wote kwa usawa. Matangazo ya kompyuta za nyumbani yaliwalenga zaidi wavulana, na nyumba nyingi zilifuata mkondo huo, ingawa BASIC ya BBC Micro iliandikwa na mwanamke, Sophie Wilson. Yeye na mwenzake wa Acorn, Steve Furber, ndio waliobuni chipu ya ARM, ambayo ilifanya kazi kwa mara ya kwanza Aprili 1985 ikiwa imeunganishwa na BBC Micro, na ambayo vizazi vyake vimo leo karibu katika kila simu janja inayotumika Dar es Salaam au Mombasa.

Kufikia miaka ya 1990 kompyuta zilikuja na programu tele zilizo tayari, na masomo ya shule yakaegemea kuandika barua na kupanga majedwali. Baadaye Eben Upton wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliona kwamba waombaji wa masomo ya kompyuta walikuwa wakipungua, na kwamba waliokuja hawakuwa na uzoefu wa wale waliowatangulia. Yeye na wenzake walitengeneza Raspberry Pi, kompyuta ya bei nafuu iliyotolewa Februari 2012, ambayo matoleo yake yaliitwa A na B kwa kufuata yale ya BBC Micro. Septemba 2014 England iliingiza uandishi wa programu katika mtaala wa lazima wa watoto kuanzia miaka mitano. Safari hii walimu walilazimika kufundishwa kwanza.