Msaada au Msamaha?

Kabla ya 1993 mgonjwa aliyekwenda hospitali ya serikali hakuhitaji kuchagua maneno. Aliugua, akaenda, akatibiwa bila kulipa. Mwaka huo ulianza utaratibu wa kuchangia gharama, na pamoja na ada likaja neno jipya: msamaha. Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wasio na uwezo walistahili kusamehewa ada. Neno lenyewe silipendi. Utadhani mzee ametenda kosa kwa kuugua. Lakini ndilo lililomo katika waraka, na karani husikiliza waraka.

Hapa Tunduma watu ni hodari wa lugha. Mtu huanza kwa Kiswahili, akapita Kinyamwanga, akamalizia kwa Kibemba kabla chai haijapoa. Hata hivyo nilimwona mama mmoja amemleta mkwewe mzee mahali fulani, akiomba msaada kwa kuwa bibi hana mtu. Akaambiwa asubiri, akasubiri mpaka saa nane. Kesho yake jirani alifuatana nao. Yeye alisema kwamba huyu ni mzee aliyepita miaka 60, hana uwezo, anaombewa msamaha wa matibabu, na barua ya mtendaji hii hapa. Mara moja wakaelekezwa kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Wengi humwendea Afisa Maendeleo ya Jamii wakidhani ni yule yule, kumbe huyo hushughulika zaidi na vikundi na mikopo.

Umri huo wa miaka 60 umo katika Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003. Jirani hakuisoma, alilisikia neno kanisani.

Upande wa ulemavu maneno yamehama zaidi. Wazee wetu walisema kipofu, kiziwi, kiwete, wakawaweka binadamu katika ngeli moja na viti na vikombe. Baadaye tukasema walemavu, na sheria ya 2010 ikasema watu wenye ulemavu. Nayaunga mkono mabadiliko hayo, ndugu msomaji. Ila bibi wa Kamsamba mwenye mjukuu asiyetembea analijua neno moja tu, kilema, na hulitamka kwa upendo. Tangu 2016, Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya, ofisi ya mkoa iko Vwawa, karibu naye zaidi. Akifika huko, anayempokea na aandike neno la sheria kwenye fomu, bila kumsahihisha bibi kwanza.