Watoto na vumbi la metali Lubumbashi

Mwaka 1911 tanuri la kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga lilianza kuyeyusha shaba, na jiji la Lubumbashi, katika eneo la Katanga nchini Kongo, likakua kando yake. Bomba refu la moshi na mlima mweusi wa mabaki ya madini bado ni alama ya jiji. Upepo wa huko huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki. Kwa miongo mingi moshi ulimwaga shaba, risasi, kadimiamu na kobalti juu ya vitongoji vya kaskazini-magharibi, Penga Penga kikiwemo. Moshi ulipungua. Metali haiozi, ikabaki udongoni.

Anayeila zaidi ni mtoto. Hutambaa chini, hutia vidole mdomoni, na kwa kila kilo ya uzito wake huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima. Mwaka 2009 Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga. Walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodini au viwandani walikuwa na kobalti nyingi kupita kiasi, na watoto waliwazidi wakubwa. Watafiti hawakujua jamii nyingine ya watu wa kawaida iliyowahi kupimwa viwango vya juu namna hiyo.

Hatari huanza hata kabla ya kuzaliwa. Utafiti wa Lubumbashi uliotolewa mwaka 2020 ulilinganisha watoto wachanga 138 wenye kasoro za maumbile na 108 wasio nazo: kasoro zilihusiana zaidi na baba kufanya kazi ya madini.

Ushauri wa kawaida ni mtoto anawe mikono, lengalenga (mchicha) ioshwe vizuri kabla ya kuliwa na bukari (ugali), na nguo za mgodini zisifuliwe pamoja na za watoto. Ni ushauri mzuri, ila unamtwika mama mzigo wa kiwanda. Sabuni haisafishi ua mzima. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kutia chokaa na mbolea ya asili ili mimea ifyonze metali kidogo, na kupanda nyasi zinazostahimili shaba ili kutuliza vumbi la Penga Penga.

Mombasa suala kama hilo lilifika mahakamani. Wakazi wa Owino Uhuru, waliodhuriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walishinda kesi Julai 2020: fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na amri kwamba udongo wao usafishwe.